Injini ya Zamani Ilishindwa

Wanaume wa rika langu wakikaa gereji kusubiri magari yao, hawakawii kuanza. Mmoja atasema injini za siku hizi ni makopo matupu. Mwingine atamwitikia kwamba zamani ndiyo kulikuwa na chuma, dizeli ya kweli, gari unalipakia mpaka linaguna na bado mlima linaupanda. Wa tatu atatikisa kichwa kwa majonzi utadhani amekumbushwa marehemu. Mimi hukaa kwenye benchi langu nikawasikiliza. Juzi hapa nikashindwa kunyamaza. Nikawaambia, jamani, acheni kudanganyana. Injini ya zamani haikuwa na nguvu kuliko hizi. Niliiona inashindwa kwa macho yangu, na nilikuwa nimekaa ndani yake. Wakanigeukia wote, na mmoja akaniuliza, kwa upole ule wa kuudhi, dada, kwani wewe unajua nini habari za injini?

Najua. Na ninyi mliokuwa watoto miaka ile mtanielewa haraka. Wakati wanaume wale wakinisubiri nijibu, fundi alikuwa anaosha nozeli kwenye bakuli, na harufu ya dizeli ikanipanda puani. Papo hapo nikakiona kitenge cha mama yangu, kile cha kahawia, chenye doa jeusi mapajani ambalo sabuni ya mche haikuliweza. Alikuwa anajifutia mikono pale pale kila akitoka kwenye boneti. Watoto wengine waliwanusa mama zao wakasikia moshi wa kuni. Mimi nilisikia dizeli, na mpaka leo harufu hiyo hainikeri hata kidogo.

Tulikuwa tunakaa Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye shamba la mahindi mpaka chini ya madirisha. Baba alikuwa dereva wa ushirika. Ushirika ulipoanza kuyumba, magari yake machakavu yakagawiwa na kuuzwa, na Baba akaondoka na pikapu moja kama kiinua mgongo chake. Ilikuwa imeshazeeka tayari. Rangi ya bluu ilibaki milangoni tu, kiti kimeshonwa kwa kamba ya katani, na asubuhi za kipupwe, ule ubaridi wetu wa kung'ata masikio, ilikuwa haiwaki bila kusukumwa. Majirani walilijua hilo. Wakisikia Baba anapiga stata na injini inakohoa tu, walitoka wenyewe, wengine wamejifunga blanketi, wakaisukuma mpaka kwenye mteremko. Ikishawaka ilitoa wingu jeusi lililowafunika wote, nao wakarudi kunywa uji wakiwa wanacheka.

Moshi ule niliupenda mno. Siku moja Baba aliniambia kwa utani kwamba gari likitoa moshi mweusi ujue limekula likashiba. Mimi nikalichukua neno lile kama lilivyo. Nikawa najua kabisa, kwa uhakika wa mtoto wa darasa la tatu, kwamba nguvu ya gari iko kwenye moshi wake, na kwamba katika Songea nzima hakukuwa na gari lenye nguvu kama letu.

Baba ndiye aliyemfundisha Mama kuendesha, Jumapili jioni, kwenye uwanja wa mpira kule Matogoro. Watu walikuja kutazama kama vile kuna mechi. Mwanamke kwenye usukani wa gari la mizigo, halafu peku, maana Mama alisema akivaa viatu hasikii mguu wake umekanyaga nini. Mzee mmoja alimvuta Baba pembeni akamwonya kuwa mwanamke akishajua kuendesha ataondoka. Baba akamjibu kwamba ndiyo maana yeye hajawahi kujaza tangi. Mama alilisikia lile jibu akazima gari kwa kicheko.

Halafu Baba akaugua, na akafa. Hapo sina cha kueleza, na hata ningekuwa nacho nisingetaka.

Mama hakukaa sana. Alipotoka kwenye msiba aliingia kwenye pikapu, akaanza kubeba mahindi na maharage ya watu kutoka vijijini mpaka sokoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, mnaikumbuka. Maduka yalijaa sabuni za rangi rangi, mitumba ilimwagwa chini kila kona, na malori ya wafanyabiashara kutoka Dar yalipaki sokoni kununua mahindi ambayo zamani yalikuwa ya ushirika peke yake. Aliyekuwa na tairi nne zinazozunguka hakukosa kazi. Mama alikuwa nazo, na zilitulisha.

Miaka hiyo hiyo ndipo Baba Mdogo Kasiani, mdogo wake Baba, alirudi kutoka Dar na pikapu nyeupe. Mpya haikuwa, ilikuwa imeshatumika huko Ujapani, lakini kwetu ilikuwa mpya kuliko kitu chochote. Mlangoni ilikuwa na maandishi ya kwao ambayo Baba Mdogo alikataa yasifutwe, na viti bado vimevikwa nailoni, ukikaa na kaptula unanata. Ilikuwa inawaka kwa kugusa tu. Moshi hakuna. Na ikikanyagwa mafuta ilitoa mluzi mwembamba kutoka ndani ya boneti, fiiii, na vijana wa mtaani wakanong'onezana, turbo, turbo.

Mimi ule mluzi niliuonea huruma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na pumu, na akipanda ngazi za kanisa kifua chake kilipiga mluzi kama ule ule. Nikajisemea, kumbe gari la Baba Mdogo ni gonjwa, masikini, na yeye hajui. Sikumwambia mtu. Baba Mdogo alikuwa mtu mzuri kwangu, alikuwa ananiletea biskuti na kunibeba mabegani, na sikutaka kumtia aibu.

Ukafika wakati wa kumaliza matanga. Tukaenda Mpitimbi, kijijini kwao Baba. Wanawake walikuwa uani kwenye masufuria na pombe ya komoni, wanaume ndani kwenye kikao cha ukoo, na katikati yao alikaa Babu Gervasi, baba mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa aliyebaki. Wakaanza kugawa vitu vya Baba. Koti lilikwenda kwa huyu, redio kwa yule, jembe kwa mwingine. Walipofika kwenye gari wakamwita Mama aje akae kwenye mkeka karibu na mlango. Niliingia naye. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kumfukuza mtoto aliyefiwa.

Baba Mdogo alizungumza kwa upole, na nadhani alikuwa anayaamini maneno yake. Alisema pikapu ile imekwisha. Injini haina nguvu tena, siku moja itazimikia mlimani, irudi nyuma na kumuua shemeji yake pamoja na mtoto. Afadhali yeye aichukue, aiuze vipuri, na shemeji awe chini ya uangalizi wake, mahindi atambebea yeye. Mama akasema kwamba gari linafanya kazi kila siku na watoto wanakula. Watoto ni mimi mmoja, ila wakati ule alikuwa analea na wa dada yake. Wanaume wakaanza kubishana kuhusu injini. Hapo ndipo kikao kilipopata uhai. Mmoja alisema injini za zamani ni za Wazungu waliokuwa wanajua kazi. Mwingine akasema turbo ni kitu kingine bwana. Mwenye gari akawa hazungumzwi tena, ni injini na injini tu.

Babu Gervasi hakupenda ugomvi, hasa mbele ya komoni iliyokuwa inasubiri. Akakata shauri. Chini bondeni, ng'ambo ya daraja, kulikuwa na magunia ya mahindi ya ukoo yanayosubiri kupandishwa kijijini. Jumapili baada ya Misa, magari yote mawili yapakiwe magunia sawa na yapande mlima mpaka mbele ya kanisa bila kusimama. La Mama likifika, libaki kwake. Likishindwa, aandike limekwenda kwa Kasiani, na maneno yaishe. Kisha akamtazama Mama. Mama alitazama mkeka. Wakauchukua ule ukimya kuwa ni ndiyo, kama ilivyo kawaida ya vikao vyetu, ambapo mwanamke asiposema kitu amekubali, na akisema hana adabu.

Mimi nilifurahi sana. Mashindano! Tena na gari lenye pumu! Lakini usiku kitandani nilikuwa na hofu moja ambayo sikumwambia mtu. Nilidhani anayelichukua gari anatuchukua na sisi tuliozoea kukaa ndani yake. Nilikuwa najiuliza nitalala chumba gani kwa Baba Mdogo na kama mkewe atanipiga. Mtu mzima angecheka, ila nikikumbuka yale maneno ya uangalizi, naona sikuwa nimekosea sana.

Kabla ya Jumapili Mama alilipeleka gari kwa Fundi Issa, Myao wa Tunduru aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Fundi alifungua boneti, akasikiliza, akatia kidole kwenye bomba la moshi akakitazama. Alimwambia Mama kwamba hatamficha. Silinda zake ni kubwa kuliko za ile nyeupe, hilo ni kweli, na chini kabisa, gari likianza kuondoka, lake linavuta vizuri. Ila linavuta hewa kwa kifua chake lenyewe. Ile nyingine ni ndogo, lakini ile turbo inaishindilia hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo inachoma mafuta mengi zaidi kwenye chumba kidogo, na kadiri unavyoikanyaga ndivyo inavyozidi.

"Ni kama moto wa jikoni, mama," alisema. "Wako unawaka wenyewe. Ule kuna mtu kakaa pembeni anaupuliza, na hachoki."

Kisha akasema huo moshi mweusi ni dizeli isiyoungua, inatupwa bure, pampu imechakaa na nozeli zinavuja. Nilimchukia papo hapo. Nikaamini kabisa kwamba Baba Mdogo amemhonga. Mama alimwuliza kitu kimoja tu, kama gari litafika kwenye kona. Fundi akasema mpaka kwenye kona, inshallah, litafika. Juu ya kona, wallahi, yeye haoni. Mama akamshukuru, akafunga boneti kwa mikono yake, na njia nzima ya kurudi Mshangano alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Hakumwomba fundi afunge hata nati moja.

Jumapili ile kulikuwa na jua jeupe na upepo wa baridi. Misa ilipoisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Mlima ule unaanza darajani, unapanda umenyooka kwanza, halafu unakata kona kwenye mwamba, na baada ya kona unasimama wima kabisa, mawe madogo yanateleza chini ya mguu hata wa mtu. Watu walijipanga pande zote mbili na nguo zao za kanisani, akina mama wamejitanda vitenge, vijana wamepanda juu ya mwamba ili waone vizuri. Babu Gervasi aliwekewa kiti juu, mlangoni mwa kanisa.

Baba Mdogo alianza. Alishusha kioo, akaondoka taratibu, akabadilisha gia, na ule mluzi ukaanza. Nilisubiri asimame kukohoa. Hakusimama. Kwenye kona mluzi uliongezeka ukawa kama kilio, na badala ya gari kuchoka likachangamka, likaumeza ule mlima mbele ya macho yangu, likatokomea juu. Vumbi lilipotua tukasikia anapiga honi. Vijana walipiga makofi.

Mama aliweka viatu vyake chini ya kiti, akaniambia nishike mlango. Gia namba moja. Gari likaunguruma kifuani mwangu, likaondoka, na kweli, pale chini lilivuta kama ng'ombe. Tuliipita ile sehemu iliyonyooka polepole, moshi mweusi nyuma yetu kama mkia, na nikaanza kucheka, nikamwambia Mama, unaona, unaona limeshiba. Tulifika kwenye kona. Tukaikata. Hapo sauti ya injini ikabadilika. Ikawa nzito, halafu ikawa nzito tena, kila mpigo peke yake, kama mtu anayetwanga huku ameishiwa. Mama alikuwa amekanyaga mpaka mwisho, niliuona mguu wake. Hakukuwa na kitu zaidi cha kukanyaga. Gari likatetemeka lote, mpaka kioo, mpaka meno yangu, likazima.

Mama alikaza breki, vijana wakakimbia kuweka mawe nyuma ya tairi. Akawasha tena. Likasogea kidogo, likazima tena. Maji yalikuwa yanachemka kwenye rejeta na harufu ya dizeli imejaa ndani mpaka macho yanawasha, au labda nilikuwa nalia tayari. Kutoka kando ya barabara nilisikia akina mama wanashusha pumzi kwa pamoja.

Baba Mdogo alishuka kwa miguu. Babu Gervasi alimfuata nyuma na fimbo yake, na ukoo mzima nyuma ya Babu. Baba Mdogo hakuwa na dharau usoni. Alikuwa na sura ya mtu anayempokonya mtoto kisu kwa faida ya mtoto mwenyewe. Akanyoosha mkono dirishani.

"Pole shemeji, umejitahidi. Lete funguo."

Mama alichomoa funguo, akafungua mlango, akashuka peku kwenye mawe, akaufunga mlango nyuma yake. Funguo zilikuwa ngumini.

"Funguo za nini?"

"Si tulikubaliana kwenye kikao."

"Mlikubaliana," Mama alisema. "Mimi sikuulizwa, na sikusema ndiyo."

Babu Gervasi alikuwa anahema kwa mteremko. Akasema, "Mwanangu, pale ulinyamaza."

"Nilinyamaza, baba. Nilikuwa na msiba."

Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama akizungumza na wakubwa kwa sauti ile. Hakupaza. Alikuwa anaongea kama mtu anayepanga vyombo, kimoja baada ya kingine, ila kila aliyekuwa kando ya barabara alisikia. Alisema kwamba kila mtu ameona, gari la shemeji lina nguvu kuliko lake, na yeye mwenyewe alikuwa analijua hilo kabla hawajaja, fundi alimwambia. Hana ubishi na injini. Kisha akamgeukia Baba Mdogo.

"Shemeji, nakuuliza. Pale sokoni Songea kuna lori la yule mfanyabiashara wa Dar. Lina nguvu kuliko hii yako nyeupe, au halina?"

Baba Mdogo akasema, lori ni lori, lazima liwe na nguvu.

"Basi kesho akija kukuomba funguo zako, utampa?"

Baba Mdogo alibaki na mkono wake pale pale ulipokuwa, umenyooshwa, hauna kitu. Kicheko kilianzia kwa akina mama waliokuwa karibu na mwamba. Kilikuwa cha kubana kwanza, wamefunika midomo kwa vitenge, halafu kikawashinda. Hata kijana mmoja aliyekuwa anashika jiwe la tairi akacheka, akakumbuka yuko mbele ya nani, akainama. Mama hakucheka. Alisema marehemu hakuliacha gari kwa mwenye injini kubwa, aliliacha kwa mkewe na mtoto wake, na kama kuna mwenye neno mahakama ya mwanzo iko wazi, aende, yeye atafika akiitwa.

Babu Gervasi alipiga fimbo chini. Alianza kwa Kingoni, maneno ambayo Mama hakuwahi kunitafsiria, halafu akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie.

"Ukiondoka na gari hilo, umeuacha ukoo huu. Siku ukifa usiletwe hapa."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Kwetu hilo ni neno kubwa. Mtu asiye na pa kuzikwa ni sawa na mtu asiyezaliwa.

"Nitaletwa, baba," Mama alisema. "Pale alipolala mume wangu pana nafasi yangu, nimeiona mwenyewe tulipomzika. Na kama ninyi hamtanileta, huyu atanileta." Akanionyesha kwa kidole, mimi niliyekuwa nimebandika pua kwenye kioo, makamasi yananitoka.

Kisha akapanda nyuma ya pikapu, akafungua kamba, akawaambia akina mama kwamba anaomba msaada, gari limezidiwa. Kulikuwa na kusitasita. Wanaume wao walikuwa pale pale wanawatazama. Mwanamke mmoja mnene, ambaye mpaka leo silijui jina lake, alivua viatu vyake vya kanisani, akavipakata kwapani, akainamisha kichwa apewe gunia. Likawa zito mno kwake, mwenzake akaja wakalishika wawili. Halafu wakaja wengine. Wakayabeba yale magunia, wengine wawili wawili, wengine wakiyaburuza juu ya vitenge walivyovifungua kiunoni, wakaupanda mlima uliokuwa umeishinda injini. Mama akawasha. Likawaka. Tukapanda nyuma yao polepole, gia namba moja, tukampita Babu Gervasi, tukalipita gari jeupe na maandishi yake ya Kijapani, tukafika mbele ya kanisa. Akina mama wale wakashusha magunia, wakajikung'uta vumbi, na Mama akawashukuru mmoja mmoja kwa kuwashika mikono. Kisha tukageuza tukarudi Mshangano. Njiani nilimwuliza kama tumeshinda au tumeshindwa. Akaniambia tumeshindwa, nifunge dirisha, baridi.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwa nini alikwenda mlimani wakati alijua. Alikuwa anachambua maharage, na aliendelea kuchambua. Akasema siku ya kikao, ndani ya ile nyumba walikuwa wanaume watupu. Angekataa mule ndani wangemzima, na kesho yake wangesema alikubali. Alihitaji kijiji kizima kiwe kimesimama, na hakuna kitu kingeweza kukisimamisha kijiji kizima isipokuwa wanaume kubishana kuhusu injini.

Hawakwenda mahakamani. Walitususia. Harusi za ukoo tulizisikia kwa watu, na Baba Mdogo akitukuta barabarani alikuwa anatazama mbele. Biskuti ziliisha, na nilimlilia, sitasema uongo. Mama alienda Mpitimbi vile vile. Palipo na msiba alifika, palipo na mgonjwa wa kupelekwa hospitali alifuatwa yeye, na alipakia mahindi ya wanawake wale kabla ya mzigo wa mtu mwingine yeyote. Ile pikapu aliitumia mpaka alipochoka nayo. Akaiuza mwenyewe, kwa mtu aliyemchagua mwenyewe, siku aliyotaka mwenyewe. Na mnajua alinunua nini? Alinunua yenye turbo. Alikuwa mtu wa kazi, hakuwa mtu wa kuabudu vyuma, na ule mluzi aliupenda mpaka akawa anauigiza jikoni.

Kwa hiyo msiniambie habari za injini za zamani. Hizi za sasa zina nguvu zaidi, zinakula kidogo, zinapanda bila kulia. Sihitaji ile ya bluu iwe ilishinda ndipo mama yangu awe alikuwa na haki. Alikuwa nayo gari likiwa limezima.

Mama alifariki mwaka jana. Vijana wa mtaani walijitolea kuendesha mpaka Mpitimbi, wakaniambia dada, wewe una msiba, kaa nyuma na wenzako. Nikakataa. Nilikaa kwenye usukani wa pikapu yangu, peku, jeneza nyuma limefunikwa kitenge, na tulipofika darajani niliweka gia ya pili nikakanyaga. Mluzi ukaanza. Tulikata kona kwenye mwamba, tukapanda ile sehemu ya mawe, gari halikuguna wala kutetemeka. Babu Gervasi alishatangulia zamani. Baba Mdogo Kasiani alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, mzee sasa, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo kupitia dirishani. Akaitikia marahaba, akaniambia nimepanda vizuri, akaenda nyuma kuwasaidia vijana kushusha. Nilizima gari, nikachomoa funguo, nikashuka nazo. Hakuna aliyeniomba.